Tuzo za uongozi na huduma chuoni: kabla hamjanunua vikombe, muulizeni bawabu

Ndugu yetu ameandika kwamba chuo chao hapa Mombasa kinataka kuanza kuwatuza wanafunzi walioongoza vizuri na kuwatumikia wenzao, sherehe iwe wiki moja kabla ya mahafali, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuunda kamati. Anauliza mambo mawili: wawapateje wanaostahiki, na wawape nini. Mimi nimekaa kwenye kamati ya aina hiyo miaka sita, katika chuo kimoja cha kisiwani ambacho sitakitaja, na kabla ya hapo nilikuwa mlezi wa klabu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu mwaka wa kwanza tulikosea na kosa lile halijanitoka moyoni.

Mwaka ule tulituma fomu kwa wakuu wa idara. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, namba ya usajili, wadhifa na sahihi. Yaliyorudi unaweza kuyakisia: rais wa chama cha wanafunzi, katibu wake, mweka hazina, nahodha wa timu ya mpira, na kijana mmoja hodari wa kushika kipaza sauti. Vikombe vilikuwa 12, na 9 kati ya hivyo vilikwenda kwa watu wa ofisi moja. Tukapamba ukumbi, tukakodi spika, tukala biriani, tukapiga picha.

Jumatatu yake nilipokuwa naingia chuoni, bawabu wa zamu ya asubuhi akaniita. Akaniuliza, "Mwalimu, na yule binti anayemshika mkono mwenzake mbona hamkumwita?" Sikujua anamsema nani. Akanieleza. Palikuwa na mwanafunzi asiyeona, na binti mmoja wa Jomvu, mwanafunzi mwenzake wa darasa, alikuwa akimngoja langoni kila asubuhi kwa miaka miwili. Hakumpeleka darasani tu. Jioni walikaa chini ya mwarobaini nyuma ya maktaba akimsomea, na sura ambazo hazikupatikana kwa nukta nundu alimrekodia kwa simu yake mwenyewe. Bawabu alijua, mkutubi alijua, muuza mahamri nje ya lango alijua. Sisi wanakamati saba hatukujua. Nilikwenda kwa mkuu wa idara yake nikamuuliza habari za binti huyo, akafungua kompyuta akanisomea alama zake za mitihani.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja, nalo ndilo jibu langu kwako: ukitaka kumjua mwanafunzi anayetumikia, waulize wanaotumikiwa na wale wafanyao kazi kando yake. Usiulize cheo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kwa wema wa chuoni msemo huo haunifai. Mwanafunzi mwema wa kweli hajiuzi, na hata kujaza fomu ya kujipendekeza huona haya.

Basi mwaka wa pili tulibadili njia. Wanakamati waligawana, kila mmoja akaenda kwa miguu yake kwa watu hawa: mabawabu, wapishi wa kantini, wafagiaji, mkutubi, nesi wa zahanati, wahudumu wa hosteli, fundi wa maabara. Hakuna karatasi ya kujaza, maana wengine hawapendi kuandika na wengine wanaogopa kutia sahihi. Tuliwauliza swali moja tu: ni mwanafunzi gani ambaye kama asingekuwepo mwaka huu, kazi yako ingekuwa ngumu zaidi? Swali hili lina siri yake. Ukimuuliza mtu "nani mwanafunzi bora", atakutajia mwenye jina kubwa. Ukimuuliza kuhusu kazi yake, atakusimulia kisa. Mpishi mmoja alinieleza kijana aliyekuwa akija kila siku ya Ramadhani saa kumi jioni kukata matunda ya futari ya wanafunzi wasio na uwezo, naye mwenyewe ni Mkristo kutoka Taita. Mhudumu wa hosteli alimtaja katibu wa chama cha wanafunzi, na hapa nataka nieleweke vizuri.

Sisemi viongozi wa kuchaguliwa wasituzwe. Katibu huyo, wakati maji yalipokatika wiki tatu, aliandika zamu ya ndoo kwa kila ghorofa, akawa wa kwanza kuamka lori la maji lilipofika na wa mwisho kuchota. Alipata tuzo, na kila mtu ukumbini alijua kwa nini. Ninalolikataa ni kuutuza wadhifa. Sheria ya vyuo vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukawa wa wajumbe kutoka idara, na kiongozi hukaa mwaka mmoja, asizidi vipindi viwili. Kwa hiyo cheo chenyewe ni cha muda na tayari ni heshima. Mtu akipewa kikombe kwa sababu tu alikuwa na cheo, amelipwa mara mbili, na aliyefanya kazi bila cheo hajalipwa hata mara moja.

Kura ya mtandaoni tuliijaribu mwaka wa tatu. Iacheni. Mshindi alikuwa mwenye makundi mengi ya WhatsApp, na waliomfuata wakanuniana mpaka mahafali.

Jambo la pili ni kuhakikisha, na hapa kisa changu ni cha mikoko. Klabu ya mazingira ilituletea picha za upandaji mikoko kwenye hori la Tudor: fulana mpya, mabango, wanafunzi wengi, wageni. Walisema miche 500. Jina la mwenyekiti lilikuwa juu ya orodha yetu. Mjumbe mmoja wa kamati, mama aliyezaliwa Mikindani, akasema hatii sahihi mpaka aone. Tukangoja bamvua, maji yalipokupwa sana tukashuka na viatu vya mpira. Iliyosimama haikufika nusu. Mingi ilipandwa mahali ambapo wimbi linapiga moja kwa moja, mingine imefunikwa na taka za plastiki. Lakini upande mmoja, kama hatua 60 hivi, miche ilikuwa imeshika vizuri na imewekewa vijiti. Tukawauliza wavuvi waliokuwa wakitengeneza mtego. Wakasema kuna vijana wawili, mvulana na msichana, wanakuja kila maji yakipwa asubuhi, wanang'oa taka na kupanda upya palipokufa. Katika zile picha za fulana mpya, hao wawili hawamo. Ndio waliopata tuzo mwaka huo. Mwenyekiti alikasirika, kisha baada ya mwezi akaanza kwenda nao horini, na hilo lilinifurahisha kuliko sherehe nzima.

Kwa hiyo kila jina likija, mtu mmoja aende akaone kwa macho. Mtu akisema ameendesha uchangiaji wa damu, muulizeni nesi: walikuja wangapi, na je, ilikuwa lini? Hilo la lini lina uzito. Damu nyingi nchini hutolewa na wanafunzi, na shule zinapofungwa akiba hupungua, nayo damu nzima haidumu zaidi ya siku 35 kwenye jokofu. Tulikuwa na binti mmoja aliyeliona hilo mwenyewe. Badala ya kufanya siku ya damu mwezi wa kumi kama kawaida, aliisogeza karibu na likizo ya Desemba, akawaandikia ujumbe wenzake waliobaki mjini, akawakumbusha kula kabla ya kuja na kwamba asiyefika kilo 50 asijilazimishe. Huo ndio uongozi: kulitazama tatizo lilivyo, kisha kuwavuta watu kwa wakati unaofaa.

Umeuliza pia kama alama za darasani ziingie. Ziingie, kwa kiasi. Pale Marekani kuna jumuiya ya heshima iitwayo Omicron Delta Kappa, iliyoanzishwa tarehe 3 Desemba 1914 katika Washington and Lee University, Lexington, na watu 15. Waliona kwamba anayesoma vizuri anatambuliwa kivyake na mwanamichezo kivyake, wakataka uongozi wa chuo uangaliwe kwa ukamilifu. Wanatazama nyanja tano: masomo, michezo, huduma kwa chuo na jamii, uandishi na utangazaji, na sanaa. Sisi tuliazima wazo hilo la nyanja tano, tukaona faida yake mara moja, kwa sababu mhariri wa jarida la ukutani na mpiga ngoma wa kikundi cha utamaduni wakapata mlango wa kuingilia. Lakini jumuiya ileile haikupokea wanawake mpaka mwaka 1974, miaka 60 baada ya kuanzishwa. Huwa naitaja habari hii kila kamati mpya inapokaa, ili tujiulize njia yetu inamwacha nani nje. Kwetu sisi waliokuwa wakiachwa ni wanafunzi wa jioni, wanaofanya kazi mchana bandarini na mahotelini, na wale wa stashahada ambao wa shahada huwaona wageni.

Na hapa nyumbani tunayo Tuzo ya Rais, iliyoanza Kenya mwaka 1966, ya vijana wa miaka 14 hadi 24, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba kijana hashindani na mwenzake. Anajiwekea lengo katika huduma, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya porini, kisha anadumu nalo, na mtu mzima anayemsimamia anathibitisha. Kama chuo chenu kina wanafunzi walioianza sekondari wakaiacha njiani, watafuteni kabla hawajavuka umri. Huo ni utambuzi uliokwisha kuundwa, hauhitaji kamati.

Sasa zawadi. Vikombe ni vizuri, lakini vya bei ya chini hung'oka mpini kabla ya mwaka. Sisi tuliacha vikombe mwaka wa nne. Kila mshindi hupata karatasi moja nzito yenye aya mbili zinazoeleza alichokifanya: mahali, muda, nani alifaidika. Hakuna "kwa uongozi wake uliotukuka". Ukisoma karatasi ya mtu unajua ni yake na haiwezi kuwa ya mwingine. Karatasi hiyo ndiyo anayokwenda nayo kuomba kazi, na waajiri wawili wamenipigia simu kuniuliza habari zaidi za mwenye karatasi, jambo ambalo halikutokea hata mara moja enzi za vikombe. Aya hizo andikeni mapema, mzisome kwa yule aliyesimulia kisa mara ya kwanza, awasahihishe. Bawabu alinisahihisha mara mbili.

Pesa? Hapa nawasihi. Mwaka mmoja tulimwita mshindi jukwaani, watu wakasimama kumpigia makofi, na wiki iliyofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya mahafali kwa sababu ya deni la karo la shilingi elfu 18. Hakuna aliyetuambia wala hatukuuliza. Nilimkuta ameketi ngazini na joho la kuazima mapajani. Siku hizi tunauliza ofisi ya fedha kimyakimya kabla ya kutangaza majina, na zile pesa za biriani na spika huenda huko. Wageni wanakula kaimati na chai, na hakuna aliyelalamika.

Yule binti wa Jomvu tulimtafuta. Alikuwa ameshamaliza, anafanya kazi Changamwe. Tulimwita baadaye, na aliyesoma karatasi yake mbele ya ukumbi alikuwa mwenzake asiyeona, kwa vidole vyake, kwenye nukta nundu aliyoiandika mwenyewe.

Kuhusu siku: msiweke Ijumaa, mtagongana na sala, wala jioni. Wekeni Jumamosi saa nne asubuhi. Wazazi wengi wanatoka Kwale na Likoni, foleni ya feri unaijua, na mama aliyepanda matatu mbili kuja kumsikia mwanawe akitajwa asikae roho juu akiwaza atavuka saa ngapi. Viti vya mbele wawekeni hao, na mabawabu na wapishi kando yao.