Barua za Wasomaji: Rambo Aliyelia

Katika toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu filamu za Rambo, yule askari aliyerudi kutoka vita ya Vietnam, anayeigizwa na Sylvester Stallone. Nilisema kwamba ile ya 2008, pamoja na damu yake yote, ndiyo iliyo jirani zaidi na ile ya kwanza ya 1982. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua nne.

Kaka, salaam. Baada ya kusoma ulichoandika nilimwomba kijana wa dukani aniwekee kwenye flashi Rambo ya 2008, ile ya Burma. Tuliiangalia mimi na mume wangu mpaka pale wanajeshi wanapokivamia kijiji na watoto wanauawa mbele ya mama zao. Nikazima. Naomba unijibu kwa kweli: wewe uliona uzuri gani mle?
*Mama wa watoto watatu, Mwanza*

Mama, hukukosea kuzima. Mtu akiona mambo yale na moyo wake usishtuke, huyo ndiye wa kuulizwa.

Lakini nikujibu kama ulivyoomba. Filamu ile inaanza na picha halisi za habari kutoka Burma, nchi ambayo sasa inaitwa Myanmar. Wakareni wa mashariki mwa nchi hiyo wamekuwa vitani na serikali tangu 1949, na dunia imewasahau mara nyingi kuliko ilivyowakumbuka. Sylvester Stallone aliiongoza filamu hiyo mwenyewe, na ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 61. Anatuonyesha mzee anayeishi Thailand, ng'ambo ya mpaka, akikamata nyoka wa maonyesho na kuendesha boti. Amenenepa, shingo imejaa, haongei. Wamisionari kutoka Colorado wanamwomba awapandishe mtoni kwa Wakareni wakapeleke dawa na Biblia. Anawauliza kama wamebeba silaha. Wakisema hapana, anawaambia basi hamtabadilisha kitu. Hilo ni jibu la mtu aliyekwisha kuchoka, wala si la shujaa.

Sasa kuhusu damu. Katika Rambo ya 1985 watu wanaanguka kama maembe wakati wa upepo. Hakuna anayeumia, wanaanguka tu, na sisi tulikuwa tunahesabu kwa sauti na kupiga makofi. Katika ile ya 2008 wanakufa zaidi ya watu 200, na kila risasi inaonyesha inachofanya mwilini. Mle ukumbini nilikoiangalia, mwanzoni kulikuwa na vijana wanapiga miluzi. Kufika pale wafungwa wanapolazimishwa kukimbia kwenye jaruba la mpunga lililotupiwa mabomu, huku wanajeshi wanawekeana dau nani atavuka, miluzi ilikuwa imekwisha. Ukimya ule ndio nilioupenda. Vita ilikuwa imerudishiwa uzito wake.

Kuna kipande ambacho hukukifikia. Usiku, Rambo anafua chuma atengeneze panga, na ndani ya nafsi yake anakiri kwamba hakuwahi kuua kwa ajili ya nchi yake, aliua kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba Mungu hatalifuta hilo. Halafu kuna yule mmisionari aliyemkaripia Rambo kwa kuwaua maharamia wa mtoni. Mwishoni naye anajikuta juu ya mwanajeshi, ameshika jiwe, anampiga mpaka anakufa. Filamu haimsifu wala haimlaumu. Inamwonyesha uso wake tu, kisha inaendelea.

Pamoja na hayo, nina lawama moja, na ni kubwa. Wanajeshi wa Burma katika filamu ile hawana sura. Hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kuogopa, au kukumbuka kwao. Mtu aliyeielewa vita kiasi kile angeweza kutupa hata askari mmoja mwenye mama.

Kwa hiyo usijilazimishe kuimalizia. Ukitaka, ruka mpaka dakika mbili za mwisho: mzee yuko juu ya kilima, ameshika bega lake lenye jeraha, anawatazama waliookoka wakikumbatiana kule chini. Anainua mkono kidogo, kisha anaondoka. Kipande kinachofuata anatembea barabarani huko Arizona, begi begani, kama alivyokuwa akitembea mwaka 1982, anakwenda nyumbani kwa baba yake. Hicho unaweza kukiangalia hata na watoto.

Mimi na rafiki yangu tumewekeana dau la kreti ya soda. Yeye anasema katika Rambo ya kwanza anakufa mtu mmoja tu. Mimi nimeiangalia zaidi ya mara kumi na nasema haiwezekani. Tuamulie.
*Fundi pikipiki, Dodoma*

Umeshindwa, ndugu yangu. Anayekufa mbele ya macho yetu ni Galt, yule polisi katili anayemfyatulia Rambo risasi akiwa kwenye helikopta. Rambo, akiwa amebanwa na jabali, anairushia helikopta jiwe, inayumba, na Galt anaanguka. Wengine wote wanajeruhiwa, wanafungwa, wanatishwa kwa kisu shingoni na kuachwa. Mkuu wa polisi, Teasle, anatolewa kwa machela akiwa hai.

Katika riwaya ya David Morrell ya 1972, ambamo filamu ilitoka, mambo ni tofauti kabisa. Humo wanakufa wengi, na mwisho Rambo mwenyewe anauawa na Trautman, mtu wa jeshi aliyemfundisha kazi. Hata waliotengeneza filamu walipiga mwisho ambao Rambo anakufa. Walipowaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakachukia, ndipo ukabaki huu tunaoujua. Kirk Douglas, aliyekuwa amepewa nafasi ya Trautman, alijitoa kwa sababu alitaka ule mwisho wa riwaya, na nafasi ikaenda kwa Richard Crenna.

Lakini barua yako imenigusa kwa jambo jingine. Umeiangalia mara kumi na bado unakumbuka maiti ambazo hazimo. Wala si wewe peke yako, na nadhani najua kwa nini.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka 11, nakaa kwa mjomba Morogoro, maeneo ya Msamvu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo ukitaka kuona picha ulikwenda bandani. Banda la mjomba lilikuwa la mabati, mabenchi sita, deki moja, na runinga iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Kazi yangu ilikuwa kupokea kiingilio mlangoni na kurudisha mkanda kila onyesho linapokwisha.

Rambo ya kwanza ilikuwa na kawaida yake. Milio ikishanyamaza, mkuu wa polisi yuko chini, yule Trautman, kanali wake, anaingia ndani ya kituo, wateja wanasimama. Kwao picha imekwisha, maana stelingi hajafa. Bwana aliyekuwa akitutafsiria, amesimama pembeni ya runinga, naye anatoka nje kuvuta sigara. Ina maana dakika zile za mwisho hazikutafsiriwa kwa mtu yeyote.

Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi. Badala ya kuuzima mkanda kwanza ndipo niurudishe, nilikuwa nabonyeza kurudisha huku unacheza. Mjomba alikataza, akisema hedi za deki zinachakaa. Picha ikawa inakwenda kinyumenyume, na kila siku naona jambo lilelile: yule mwanamume amejikunja kifuani kwa kanali, kisha anajikunjua, kisha anasimama na bunduki. Siku moja nikauacha uende mbele mpaka mwisho. Kiingereza sikukijua. Niliona tu kwamba stelingi analia kama mtoto aliyepotea sokoni, na bandani hakuna mtu, ni mimi na mabenchi.

Nilikuja kuyaelewa maneno yake nikiwa mtu mzima. Anasema kule vitani alikabidhiwa mitambo ya mamilioni, na huku nyumbani hapati hata kazi ya kuegesha magari. Anasimulia rafiki yake aliyeota gari lao jekundu watakaloliendesha wakirudi Marekani, na mtoto wa kung'arisha viatu aliyekuja na sanduku lake huko Saigon, Vietnam, na sanduku likalipuka. Rafiki analia anataka kwenda nyumbani, na Rambo anatafuta miguu ya mwenzake haioni.

Kwa nusu ya watu waliokuwa wakiingia mabandani, Rambo hakuwahi kulia. Ikafuata ile ya 1985 na ile ya 1988 ya Afghanistan, zenye mishale ya kulipuka na kifua kinachong'aa mafuta, zikajaza pengo lile kwa maiti. Ndizo unazozikumbuka. Nunua soda, halafu kaeni wote wawili mwangalie dakika za mwisho.

Mwanangu ananiuliza kwa nini mifuko ya plastiki tuliiita rambo. Nimekosa jibu.
*Msomaji, Iringa*

Ni kwa sababu ya picha. Ile niliyoikumbuka mimi ilikuwa imechapwa Stallone na kitambaa chake kichwani. Watu wakaanza kusema nipe mfuko wa Rambo, baadaye nipe rambo, na jina likabaki hata kwa mifuko isiyo na picha yoyote. Mwanao anauliza kwa sababu hajaikuta: mifuko ile ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019.

Shikamoo kaka. Baba yangu alikuwa JWTZ, alikwenda hadi Uganda wakati wa vita ya Kagera. Hajawahi kutusimulia kitu. Mwezi uliopita nilimwekea Rambo ya kwanza, mimi namtafsiria. Nilidhani atapenda zile risasi. Hakuzijali, alikuwa anamenya karanga. Ila mwanzoni kabisa, pale Rambo anapomfuata mwenzake na kumkuta mwanamke anaanika nguo, baba alinyanyuka akatoka nje. Kesho yake akaniambia, "Nirudishie pale pa nguo." Nimeshamrudishia mara tatu. Kila mara anaangalia, anatoka, anakaa chini ya mwembe. Mama anasema niifute hiyo filamu. Nifanyeje?
*Kijana, Bukoba*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima.

Kwanza nieleze kipande chenyewe, kwa ajili ya wasiokikumbuka. Rambo amefika kwa miguu, kando ya ziwa, anamtafuta Delmar Barry, wa mwisho aliyebaki katika kikosi chao. Anamwonyesha mwanamke picha yao na kumwambia kwamba Delmar alikuwa mkubwa mno, ilibidi wamweke nyuma, vinginevyo asingeenea. Mwanamke anamjibu kwamba Delmar amekufa, ni kansa, aliitoa huko huko Vietnam kwenye ile dawa waliyokuwa wakiinyunyiza. Ni ile sumu ya kupukutisha majani, Agent Orange, ambayo ndege za Marekani ziliimwaga juu ya misitu ya Vietnam katika miaka ya sitini mpaka mwanzoni mwa sabini. Anasema mwishoni alikwisha kabisa, hata yeye aliweza kumnyanyua kitandani.

Mtu asiyeenea kwenye picha, na mwanamke anamnyanyua peke yake. Hakuna risasi pale, ila kwangu ndicho kipande kizito kuliko vyote katika filamu zote tano. Nakuamini kwamba baba yako alikiona hivyo kabla yangu.

Madaktari wa Marekani waliliingiza rasmi jeraha la akili analobaki nalo mtu aliyetoka vitani katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980, miaka mitano baada ya Saigon kuanguka. Filamu ilitoka Oktoba 1982. Mwezi uliofuata, mjini Washington, ukazinduliwa ukuta mweusi wenye majina ya Wamarekani waliokufa Vietnam, zaidi ya 57,000. Watu walikwenda wakagusa majina kwa vidole, wakaweka karatasi juu yake wakayapitishia penseli ili waondoke nayo.

Sisi tuliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Askari wetu walirudi wakapokewa kwa nyimbo, na walistahili. Baada ya nyimbo kila mmoja akarudi kwenye maisha yake na alichokiona. Baba yako amekaa nacho zaidi ya miaka arobaini, na sasa amepata dirisha dogo la kukitazamia, kwa nguo za mtu mwingine zilizoanikwa kwenye kamba, nchi nyingine. Usilifunge.

Mama yako naye ana hoja, anamwona mume wake anaumia. Kaa naye umweleze. Kama mzee halali usiku, anaweweseka, au ameacha kula, mpelekeni hospitali ya mkoa mwulize huduma ya afya ya akili. Hilo lisingoje. Lakini kama anakula, analala, na anakaa tu chini ya mwembe, basi mwachie mwembe wake, na safari ijayo mfuate na kigoda chako.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, unaweza kumwuliza kama angependa kwenda Kaboya, pale Muleba, walikozikwa askari wa vita ile. Kutoka kwenu si mbali. Uliza mara moja. Akisema hapana, yaishe.

Na filamu usiifute. Akisema rudisha, rudisha. Tena safari hii usimtafsirie, maneno anayajua. Mwanamke akishamaliza kusema, bonyeza usimamishe picha pale pale, kamba ya nguo ikiwa bado inaonekana, halafu nyamaza. Akitaja jina la mtu, mwulize alikuwa mrefu kiasi gani.