Nyoka wa plastiki na mpelelezi wa kofia: jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, mtu mzima mwenye akili zake anapata nini kwenye sinema za madubwana ambazo hata mtoto anaona ni mpira na rangi. Pili, mbona watu haohao utawakuta wamezikodolea macho tamthilia za wapelelezi wa zamani, zile za kofia, mvuke wa treni na chai isiyoisha. Halafu ukaongeza kwamba nyumbani kwako hakuna anayekuunga mkono, unataka pa kuanzia. Waliotangulia wamekujibu kwamba ni kupunguza mawazo tu. Sikubaliani nao. Kupunguza mawazo hata kulala kunatosha.

Mimi naona raha yote iko kwenye swali la nani anajua nini. Kwenye picha ya dubwana, mtazamaji anajua kila kitu na waliomo ndani ya picha hawajui lolote. Kwenye ya mpelelezi ni kinyume: yupo mtu mmoja mle ndani anayejua, na mimi nimekaa na ushahidi uleule alio nao yeye, sioni kitu. Ukishazoea pande hizo mbili, zile picha ambamo wewe na steringi mnajua sawasawa zinakuwa chapwa.

Nimekulia kambini Jinja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya baba zetu kazini na yetu sisi uwanjani. Nilipohamia Kampala nilipata kibarua cha mlangoni kwenye kibanda cha video upande wa Katwe, nikipokea pesa. Kwa wasiojua: kibanda ni mbao, mabati, mabenchi, televisheni moja na spika kubwa kuliko televisheni. Na yupo VJ, yaani mtu mwenye maikrofoni anayeitafsiri picha kwa Kiganda papo hapo, akiwapa wahusika majina ya mtaani, akiwatukana wakizubaa. Wakenya wana DJ Afro na Watanzania walikuwa na Lufufu, mnaelewa ninachosema. Kukaa mlangoni kuna faida yake, kwamba humtazami steringi, unawatazama watazamaji. Na mle ndani picha iliyotazamwa kimya ilikuwa picha mbaya.

Chukueni ile Anaconda ya 1997. Watengeneza filamu wako kwenye mashua mto Amazon, wanamwokoa mzee mmoja mwindaji wa nyoka, ameigizwa na Jon Voight, mwenye uso ambao ungeuona stendi usingempa hata shilingi mia akuchenjie. Wale mashuani wanampa chakula. Kibanda kizima kinapiga kelele, "Banange, mshusheni huyo!" Hawamshushi. Kuanzia hapo kila kosa lao ni letu kulishangilia. Mwishoni nyoka anammeza huyo mzee, kisha anamtapika, naye akiwa kwenye ute wote ule anamkonyeza Jennifer Lopez jicho moja. Nimewaona wanaume wazima wakianguka kwenye benchi kwa jicho hilo. Tena kuna mahali mashua inaondoka na maporomoko ya maji nyuma yake yanapanda juu badala ya kushuka, kwa sababu waliirudisha picha kinyumenyume ili mashua ionekane inaondoka. VJ wetu hakuacha lipite. "Hata maji yanapanda mlima kumkimbia nyoka!" Mtu wa Hollywood alikosea, mtu wa Katwe akaligeuza kosa kuwa sehemu tamu kuliko zote.

Sasa mtauliza, kwa nini iwe ya mpira? Si ingekuwa bora nyoka afanane na nyoka?

Hapana, na hili nalisema kwa uhakika. Wengi wa wateja wetu walikuwa watu wa ziwani, wa visiwani na wa pwani ya Busoga. Kule kijijini Luganga, Ziwa Victoria, kulikuwa na mamba waliyemwita Osama; watu wanasema alikula zaidi ya wanakijiji 80 kabla hajakamatwa akiwa hai mwaka 2005 na kupelekwa kwenye shamba la mamba la Buwama. Ilipowekwa picha ya mamba iliyotengenezwa vizuri, maji meusi, ukimya, mtoto amekaa ukingoni, hakuna aliyepiga kelele. Baadhi walitoka nje kimyakimya, na hawakudai pesa yao. Jioni nyingine likaja dubwana la ziwani linaloonekana zipu mgongoni, na watu wale wale wakacheka mpaka machozi, wakasimuliana habari za Lukwata, yule mnyama wa ziwa ambaye mababu wa Kiganda na Kisoga walimsimulia kabla Mzungu hajafika na meli yake. Ule uongo unaoonekana ndio uliowapa ruhusa. Mpira unakuambia kwamba hapa hakuna aliyekufa, sema unachotaka.

Msidhani lakini kwamba kitu kikionekana cha bei rahisi basi hakikutokewa jasho. Godzilla wa kwanza, wa Japani mwaka 1954, alikuwa mtu ndani ya vazi. Jina lake Haruo Nakajima, na vazi la mwanzo lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, akipiga hatua chache anaishiwa pumzi. Ile sauti yake ya kunguruma haikutoka kwa mnyama yeyote. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alichukua glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu akazisugua nayo nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa ya besi. Na ile ya kwanza wala si ya kuchekesha. Miezi michache kabla yake, Machi 1954, wavuvi wa Kijapani walikuwa wamenyeshewa majivu ya jaribio la bomu la nyuklia la Marekani kule Bikini, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Waliokuwa ukumbini Tokyo walijua dubwana linamaanisha nini. Kicheko kilikuja baadaye, kwenye picha za miaka ya 60 na 70, dubwana lilipoanza kupigana mieleka na madubwana wenzake.

Sisi wenyewe tunaye bingwa wa jasho la namna hii. Isaac Nabwana, mtengeneza sinema wa pale Wakaliga, Kampala, alikuwa mfyatua matofali, akaunganisha kompyuta mwenyewe, bunduki za vyuma chakavu, damu ya rangi ya chakula, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? kwa pesa ambayo inasemwa haikufika dola 200. Hakuna dubwana humo, ni makomando na helikopta, lakini ni ukoo uleule. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: nakala ya mwanzo isiyo na sauti ya VJ haipo tena, imepotea. Iliyobaki duniani ni ile yenye VJ Emmie akipiga kelele juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Maana yake mtu wa Ulaya anayeitazama leo hana njia ya kuitazama kimya kama yuko maktaba. Analazimika kukaa kibandani.

Hapo nina ugomvi na picha fulani za siku hizi. Sharknado ya kwanza, 2013, papa wanabebwa na kimbunga mpaka mitaa ya Los Angeles, mtu aliyemezwa anatoka tumboni mwa papa kwa kulipasua na msumeno wa injini. Sawa, nilicheka. Zilizofuata zilishajua kwamba zinachekesha, kila dakika zinanigusa bega kuniuliza kama nimecheka. Kazi ya kucheka ni yangu, niachieni. Nabwana naye anatania, lakini wale vijana wake wanaanguka kwenye matope kweli.

Tuje kwa wapelelezi.

Hizi sikuzipata kibandani, zingefilisi mwenye banda kwa wiki moja. Nilizipata kwa shangazi yangu, nesi mstaafu, ambaye kila mwisho wa mwezi hunituma kwa wale vijana wa laiburale za sinema nimjazie flashi. Yeye ni wa Poirot, yule mpelelezi Mbelgiji wa vitabu vya mwandishi Agatha Christie, aliyeigizwa na David Suchet, vipindi 70 kati ya 1989 na 2013. Suchet, kwa maelezo yake mwenyewe, alijizoeza mwendo ule wa hatua fupifupi kwa kubana sarafu matakoni. Nilipomwambia shangazi alinifukuza sebuleni, kisha akairudisha nyuma ile sehemu ya kutembea ahakikishe.

Namna yake ya kutazama ni kinyume kabisa cha kibanda. Hakuna kusema. Ana bahasha kuukuu na kalamu, anaandika majina: mjane, mpwa, daktari, katibu. Anayeonekana mbaya sana anamfuta mapema. Simu ikiita anasimamisha picha, hapokei. Na kinachomkamata zaidi ni sumu. Agatha Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali kule Torquay wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo sumu zake si za kubuni hovyo. Katika kitabu chake cha kwanza, cha 1920, mauaji yanategemea jambo la kweli la kifamasia: dawa ya maji yenye strikinini ikitiwa bromidi, ile sumu hujitenga na kuzama chini ya chupa, kwa hiyo mgonjwa anakunywa salama siku zote isipokuwa dozi ya mwisho. Sisemi nani alifanya. Shangazi alipiga paja. "Ndiyo maana tulikuwa tunawaambia tikiseni chupa, nyie mnadhani tunapenda kusema!" Miaka yote ya wodini imempa ufunguo ambao mimi sina, na bado Poirot alimshinda mwishoni, na alifurahi kushindwa.

Kwa nini iwe ya zamani, si ya leo? Kwa sababu leo askari anaomba rekodi za simu na kamera za barabarani, kesi imekwisha. Vinasaba, yaani DNA, havikutumika kumtambua mtu yeyote kabla ya ugunduzi wa Alec Jeffreys mwaka 1984. Alama za vidole zenyewe zilikuwa kitu kipya: Uingereza ndugu wawili, Stratton, walinyongwa 1905 kwa ajili ya alama ya kidole gumba kwenye kasha la pesa, na watu walibishana kama hiyo ni haki. Tamthilia ya Kanada, Murdoch Mysteries, inaishi kwenye ufa huohuo, Toronto ya mwishoni mwa karne ya 19, mpelelezi anapaka unga kwenye glasi na wakubwa wake wanamwona mchawi. Ukimwondolea mpelelezi mashine, anabaki na saa ya treni, tope la kiatu, na mtu aliyesema neno moja zaidi ya lililohitajika. Vitu hivyo hata mimi navijua. Nikishindwa, nimeshindwa kwa haki.

Kuna kitu kimoja kwenye hizi picha za Kiingereza kinachonikera, na nakitaja kwa sababu nimeona wadau wanakiruka. Karibu kila jumba la kifahari lina kanali mstaafu aliyerudi kutoka Afrika au India, na kichwa cha mnyama ukutani. Hadithi inampita kama fenicha. Sisi hatuwezi kumpita. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na ilikwenda kwa serikali ya wenye masharubu kama yake. Shangazi humwandika wa kwanza kwenye bahasha, kila mara, hata kama hakuwa nyumbani siku ya mauaji. Ni upendeleo, lakini namwelewa.

Na kama Uingereza inawachosha, msisahau kwamba Kiswahili kina mpelelezi wake tangu zamani: Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mtu wa Unguja mwenye kiko, na rafiki yake Najum anayebaki nyuma hatua mbili kama mimi. Kitabu chake cha kwanza, kilichochapishwa mwaka 1960, kinasomeka leo bila vumbi. Mtu akitengeneza tamthilia yake kwa kanzu na baiskeli za Unguja ya wakati ule, nitalipa kiingilio cha watu watatu.

Sasa nyumbani kwako. Usiwawekee dubwana ukiwa wewe na mwenzi wako peke yenu, mtaonana wajinga. Ita majirani, watoto wawepo, karanga ziwepo, uweke Anaconda, na awepo mtu mmoja mwenye mdomo. Ukimkosa, tafuta iliyotafsiriwa na VJ. Ya mpelelezi iweke siku ya mvua, mkiwa wawili au watatu, na chagua Poirot za miaka ya mwanzo, zile fupi za chini ya saa moja, maana za mwisho ni ndefu na nzito na mgeni anasinzia. Gawa karatasi. Kila mtu aandike jina moja kabla mpelelezi hajawakusanya watu sebuleni, akunje karatasi aikalie. Na ukiwa umeshaitazama, kaa jikoni. Shangazi aliwahi kunitoa nje kwa sababu nilitabasamu mapema.