Nimemsamehe mume wangu, lakini neno lake halinitoki moyoni. Je, nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ndoa yangu ina miaka 12. Mimba yangu ya pili ilipoharibika, mume wangu aliniambia mbele ya mama yake na mawifi zangu: "Tumbo lako kaburi." Usiku chumbani aliniomba radhi, nikamwambia nimekusamehe. Baadaye Mwenyezi Mungu akaturuzuku watoto wawili. Mume wangu hajanipiga wala kuninyima matumizi, lakini kila tukienda ukweni neno lile hunirudia, na siku hizo sitaki hata anishike mkono. Nikimweleza husema, "Si ulishasamehe? Acha kufukua makaburi." Na mimi nikipandwa na hasira humwambia sijaona jema kwake tangu anioe. Juzi nimemsikia binti yetu akimtukana mdogo wake kwa sauti ile ile ya baba yake. Je, msamaha wangu ni batili? Na lile neno lilikuwa talaka?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Talaka haimo hapo. Neno lile si tamko la wazi la kuacha, wala si katika yale ya mafumbo ambayo mume huulizwa alinuia nini. Ndoa yenu ni sahihi.

Msamaha wako nao si batili, na huna dhambi kwa kuumwa. Kusamehe ni kuiachia haki yako, usidai kisasi wala usimshtakie mwenzako kwa Mola. Hilo umelifanya. Moyo kuuma unapokumbuka ni jambo jingine, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mtazame Mtume (S.A.W.) na Wahshi. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Wahshi alimuua kwa mkuki Hamza, ami yake Mtume. Miaka ikapita, Wahshi akaja Madina pamoja na wajumbe wa Taif. Uislamu wake ukapokewa na kisasi hakikulipizwa, lakini Mtume alimuuliza, "Je, unaweza kuuficha uso wako nisiuone?" Imo katika Bukhari. Ikiwa moyo ule, ulio safi kuliko nyoyo zote, uliona uzito kumtazama aliyeuumiza, nani atakulaumu wewe unapokaa tena juu ya mkeka ule ule, mbele ya watu wale wale waliosikia?

Sasa nakuomba umpe mumeo asome yanayofuata.

Ndugu yangu, uliomba radhi usiku ule ule, na Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Lakini ulimvunjia heshima mbele ya mama yako na dada zako, kisha radhi ukaiomba chumbani. Mama yako hakuisikia. Dada zako hawakuisikia. Kwao neno lako lingali limesimama kama ulivyoliacha, na mkeo akipita na sinia la chai mbele yao analijua hilo. Toba katika haki ya mja ina sharti la kurudisha ulichochukua. Qur'ani inapowataja wanaowasingizia wanawake watwaharifu, katika Suratun Nur, inawatoa katika lawama wale "waliotubu baada ya hayo na wakatengeneza". Neno lako halikuwa singizio la zinaa, sisemi hivyo, lakini kutengeneza kumetajwa pamoja na kutubu, na wewe umefanya la kwanza tu.

Usidhani neno moja ni dogo kwa kuwa limepita. Aus bin Samit alimwambia mkewe, Khawla bint Thaalaba, kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Sentensi moja ya hasira. Mwanamke akaenda kushitaki kwa Mtume, na zikashuka aya za mwanzo za sura inayoitwa kwa mashitaka yake, Al-Mujadila. Mume anayetamka hivyo hamgusi mkewe mpaka aache huru mtumwa, asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo, asiyeweza alishe maskini 60. Kwako kafara hii haikulazimu, kwa sababu hukutamka dhihari, yaani kumharimisha mke kwa kumfananisha na mama. Lakini pima mwenyewe uzito ambao sharia imeupa ulimi wa mume ndani ya nyumba yake.

Tena tazama aliyekosea akatengeneza. Abu Dharri, sahaba wa Mtume, alimtukana mtu kwa kumwaibisha kwa mama yake. Mtume akamwambia, "Hakika wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahili." Baadaye alionekana mahali paitwapo Rabadha amevaa vazi zuri na mtumishi wake amevaa vazi kama lile. Alipoulizwa sababu, alikisimulia kisa chake mwenyewe, pamoja na lile karipio. Hakumwambia yeyote aache kufukua makaburi. Neno hilo, ndugu yangu, kwa mwanamke aliyepoteza mimba na akaambiwa uliyomwambia, ni jeraha juu ya jeraha. Usilirudie.

Unalopaswa kufanya linajulikana. Nendeni kwa mama yako, na mbele ya wale wale useme: siku ile nilimkosea mke wangu, nililolisema halikuwa la haki, uhai na kifo cha mimba ni amri ya Mungu. Hafsa alipomsema mke mwenzake, Bi Safiyya, kuwa ni binti wa Yahudi, Mtume alimkuta analia, akamwambia kuwa yeye ni binti wa Nabii (kwa kizazi cha Harun), ami yake ni Nabii (Musa) na mumewe ni Nabii. Alimpa neno la kumwinua mahali pa lile lililomshusha, kisha akamgeukia Hafsa na kumwambia amche Mungu. Wewe nawe unalo la kumwinulia mkeo. Imepokewa katika Ibn Majah, ingawa wanazuoni wametofautiana juu ya nguvu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwamba mimba iliyoharibika itamvuta mama yake kwa kitovu chake hadi Peponi, akiwa alisubiri kwa kutaraji malipo. Msomee hadithi hiyo mbele ya mama yako.

Akikataa, dada yangu, tafuta mtu mzima wa upande wake na wa upande wako, kama alivyoamrisha Mola katika Suratun Nisaa, aya ya 35. Mpaka hapo, safari za ukweni zinazokuumiza zaweza kupunguzwa kwa wema, bila ya kukata udugu.

Na ulimi wako nawe uuzuie. Kumwambia mume "sijaona jema kwako" kumekemewa waziwazi katika Bukhari, na wewe mwenyewe umeandika kuwa hakunyimi matumizi. Mdai haki yako bila kuifuta ya kwake.

Kuhusu binti yenu, nisingemchapa. Anas bin Malik aliletwa kwa Mtume akiwa mtoto, akamtumikia miaka 10, na anasema hakuwahi kuambiwa hata "ah!" Binti yenu amesema alichosikia. Aende baba yake mwenyewe, akae naye, amwambie kwamba maneno ya namna ile aliyaanzisha yeye na alikosea, kisha wamwombe radhi mdogo wake pamoja.

Wallahu aalam.