Je, kumuaga mchungaji kwa sherehe ni kumtukuza mwanadamu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa. Mchungaji wetu amehamishiwa usharika mwingine baada ya kututumikia miaka mingi. Baadhi ya wazee wanasema sherehe ya kumuaga ni kumtukuza mwanadamu, heri fedha zimalizie paa la kanisa. Wengine wanataka tuandike barua dayosisini asiondoke. Maandiko yanasemaje? Na akishahama, tunaweza kumwita afungishe ndoa za watoto wetu?

JIBU: Amina, mzee wangu. Muageni, tena kwa moyo mweupe. Paulo alikuwa na haraka ya kuwahi Pentekoste Yerusalemu, hata akaamua asipitie Efeso. Lakini alipofika Mileto aliwaita wazee wa kanisa la Efeso, nao wakaja, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, kumsikiliza na kuagana naye. Walipiga magoti wakaomba, wakalia, wakamwangukia shingoni, wakamsindikiza hadi merikebuni (Matendo 20). Luka, aliyeandika kitabu hicho, hawalaumu kwa machozi yale.

Kuhusu barua, tazameni sura ya 21. Wanafunzi wa Tiro walimsihi Paulo asiende Yerusalemu. Hakukubali. Je, walisusa? Walitoka nje ya mji kumsindikiza, wakaomba naye ufukweni. Kama mna hoja ya msingi, baraza la wazee liifikishe kwa utaratibu. Uhamisho ukibaki palepale, msimfungie mtu njia.

Na hapo Tiro kuna neno tunaloliruka: walitoka “pamoja na wake zao na watoto wao”. Kwetu risala husomwa, mchungaji akavishwa shuka, mama mchungaji akafungwa kitenge, kwaya ikaimba, na watoto wao wamekaa nyuma kwenye viti vya plastiki bila hata kutajwa. Mtoto yule anaacha shule katikati ya mwaka na rafiki zake wote. Mama anaacha kazi yake, au mahindi ambayo hayajakomaa. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuhama. Naomba sana, watajeni kwa majina madhabahuni, na watoto wa shule ya Jumapili wawaombee wenzao.

Fedha sasa. Kama kuna posho anayowadai, mliyosema mtampa “mambo yakikaa sawa”, ilipeni kabla ya kununua zawadi yoyote, kwa maana mtenda kazi astahili ujira wake (1 Timotheo 5:18). Mchango uwe wa hiari. Mjane wa jumuiya asisomewe jina lake kwenye orodha ya wasiotoa. Paa litaezekwa, lakini familia hii mnaiaga mara moja.

Naye mchungaji ajifunze kwa Samweli, aliyesimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimemdhulumu nani? (1 Samweli 12:3). Vitabu vya hesabu na funguo vikabidhiwe mbele ya wazee. Kama kuna aliyegombana naye, mchungaji amwendee nyumbani kabla ya siku ya sherehe, wakamalizane bila kipaza sauti.

Ndoa? Mwombeni kwanza mchungaji mpya. Akiridhia, yule wa zamani aje kama mgeni wake. Msipige simu kwa siri mkamleta, maana hapo mtakuwa mmeanza ule mgawanyiko wa kanisa la Korintho, huyu wa Paulo, yule wa Apolo.