Kama haanguki tena, si amepona?

SWALI: Habari daktari. Mdogo wangu ana miaka 20, tuko Manyatta hapa Kisumu, kifafa kilimwanza akiwa sekondari na kliniki wakampa dawa ya kabamazepini ameze asubuhi na jioni. Karibu mwaka mzima hakuanguka basi akasema amepona, akaacha. Juzi ameanguka mara mbili, mara ya pili akachomeka mkono kwa jiko. Shangazi anasema dawa ndizo zilimharibu, tubaki na maombi tu. Na bado anaenda ziwani na wavuvi wa Dunga. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dadangu, na huo mkono uangaliwe vizuri usije ukaoza. Huo mwaka wa kutoanguka ni kazi ya dawa, hazikumharibu. Vidonge vya kifafa haviondoi ugonjwa, vinautuliza tu, na kazi inaendelea mradi dawa iko kwa damu, ukikata ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu hata kuliko mwanzo, mtu aanguke mfululizo bila kuamka katikati, na hiyo inaua. Kuna wanaoachishwa kweli, lakini ni baada ya kama miaka 2 bila kuanguka, tena daktari anapunguza polepole. Shangazi aombe, sina shida kabisa, ila kijana ameze.

Asianze mwenyewe na dozi ile ya zamani lakini. Kabamazepini ukiirudia kwa kishindo inaleta kizunguzungu na kutapika, kwa hivyo mrudishe kliniki aliyoanzia ama pale hospitali ya Jaramogi wampandishe dozi pole pole. Na muulize kwa upole, bila kumgombeza, kwa nini aliacha hasa, maana wengi husema nimepona na ukweli ni pesa iliisha, au usingizi, au aibu ya kumeza mbele ya marafiki. Kama ni pesa amwambie daktari wazi, fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, ni ya bei rahisi zaidi, hiyo ni afadhali kuliko kumeza kimoja leo kingine keshokutwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakitibiwa vizuri, sasa mbona yeye akose?

Nyumbani aweke alamu kwa simu, ameze na chai ya asubuhi na chakula cha jioni, aende kuchukua nyingine zikibaki za wiki moja, asingoje ziishe. Akisahau ameze akikumbuka, ila kama saa ya nyingine imekaribia aruke tu, asimeze mbili pamoja. Pombe na kukesha huamsha kifafa upya hata kwa anayemeza.

Akianguka msimtie kijiko mdomoni wala kumkandamiza, sogeza jiko, mlaze ubavu, angalia saa, ikipita dakika 5 bado anatetemeka kimbieni hospitali.

Na ziwani asiende kwanza, hata kuoga ufuoni peke yake, mpaka daktari mwenyewe aseme sasa sawa. Wavuvi wenzake waambiwe pia.