Umfundisheje mtoto Kampala? Anza na ugomvi wa vilima

Dada, umeuliza namna ya kumfundisha mpwa wako wa kidato cha pili sanaa, historia na utamaduni wa Kampala likizo hii, na naona wengi wamekupa orodha ya sehemu za kutembelea. Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Kibuli. Watoto ninaowapokea wengi ni wa familia zilizohamia kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na mji wanaujua kwa steji za taksi tu. Usimzungushe vilima vyote saba kwa siku moja, atachoka na hatakumbuka kitu. Mpandishe kimoja kwanza, aone nani alijenga wapi na anatazamana na nani.

Nenda naye msikiti wa Old Kampala, ule ulioanzwa enzi za Idi Amin ukaja kumaliziwa kwa pesa za Gaddafi. Mnalipa kiingilio, mnapanda mnara, ngazi zaidi ya 300. Juu pale mwache apumue kwanza (na wewe pia, nakujua). Kisha muulize: Lugard, yule ofisa Mwingereza, alipofika Desemba 1890, kwa nini aliweka ngome kwenye kilima hiki, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, yuko kwenye kilima cha Mengo? Akuonyeshe Mengo kwa kidole. Ilivyo karibu, jibu atalipata mwenyewe.

Hapo ndipo mwambie vita vya Januari 1892: Wakatoliki waliofundishwa na mapadri Wafaransa dhidi ya Waprotestanti wa wamisionari Waingereza, na Lugard akawapa Waprotestanti msaada wa bunduki yake ya Maxim. Sasa akitazama Namirembe ya Waprotestanti upande mmoja na Rubaga ya Wakatoliki upande mwingine, haoni tena makanisa mawili mazuri ya kupigia picha. Kilima cha Nsambya huwa kinawachekesha wanafunzi wangu: mwaka 1895 waliletwa huko mapadri Wakatoliki wa shirika la Mill Hill kutoka Uingereza, watu waone kwamba hata Mwingereza anaweza kuwa Mkatoliki! Nasi Waislamu tukapata Kibuli, kwenye ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu.

Mkishuka, pitieni barabara iliyonyooka kutoka Bulange, bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka. Njiani kuna mzunguko ambao magari yote yanauzunguka, lakini katikati yake umekatwa njia yenye geti. Njia hiyo ni ya Kabaka peke yake, maana Kabaka hazunguki. Nimefundisha sura nzima ya utawala wa Buganda nikiwa nimesimama pembeni ya geti hilo, boda zikitupigia honi.

Kwa sanaa, mpe karatasi na penseli akachore Sanamu ya Uhuru mjini. Aliichonga Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea Makerere kwa Margaret Trowell, kwa ajili ya uhuru wa 1962. Watoto wote huanza na yule mtoto aliyeinuliwa juu na mama yake, mikono hewani. Usiwakatize. Wakifika chini ndipo penseli inasita, kwa sababu mama amezungushiwa kamba mwilini. Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona mtoto yuko huru na mama bado amefungwa?" Sikumjibu. Nilimpeleka Makerere akaone mchongo wa mti wa Francis Nnaggenda wa miaka ya 1980, mwathirika wa vita, mwili uliopoteza viungo na bado umesimama. Sanamu hizo mbili zinamtosha mtoto wa umri huo kuliko maonyesho kumi.

Kasubi, penye makaburi ya makabaka, iwe na siku yake peke yake. Ilijengwa 1882 kama ikulu ya Muteesa wa Kwanza, akazikwa humo 1884, na makabaka watatu wakamfuata. Iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Mwonyeshe paa: kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na pete za nyasi ndani zinahesabiwa 52 kwa ajili ya koo za Buganda. Nyuma ya pazia la magome ya mti wa mutuba kuna "msitu". Kabaka hasemwi amekufa, ameingia msituni.

Makumbusho ya Taifa pale Kitante wekeni siku ya mvua. Vyumba vingine ni vya vumbi, ila chumba cha ngoma na zeze kinafaa sana.

Mengine ya haraka: Ijumaa mchana msiende msikitini kutalii, watu wanasali. Jumapili asubuhi Namirembe na Rubaga ni ibada. Kama mpwa wako ni binti, avae sketi ndefu, na Kasubi viatu mnavua mlangoni. Ukikwama na swali lake lolote, lilete hapa.