Jibu: Nimeipenda Mwanza, nianze kupanga wapi?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: ulikuja likizo, jiji likakuteka, sasa unataka kuhama kutoka Dodoma uje kuishi huku, na dalali anakubana ulipie miezi sita chumba cha mlimani Igogo kwa sababu ziwa linaonekana dirishani.

Usilipe bado. Angalia maji kwanza. Nyumba nyingi hapa zimepanda juu ya miamba, na maji husukumwa kwa pampu kutoka ziwani. Presha ikishuka, wa juu ndio wanaokosa. Mimi nimepanga mlimani Kitangiri: ziwa unaliona lote, bomba linatoa hewa. Dalali usimuulize, atakwambia yanatoka muda wote. Waulize kina mama wanaofua uani yanatoka siku gani, na ndoo ya kuletewa ni shilingi ngapi. Halafu panda mwenyewe kwa miguu. Bodaboda huishia chini, godoro na mtungi wa gesi utalipa watu wakubebee.

Usikimbilie bondeni pia. Kando ya Mto Mirongo mvua ikikolea maji huingia ndani, kwa hiyo kagua alama ukutani.

Ningekuwa wewe ningeanzia Nyegezi, kuna stendi na daladala za mjini hazisumbui. Omba miezi mitatu, wapo wenye nyumba wanaokubali.

Hiyo biashara ya dagaa uliyoitaja, shinda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi kadhaa bila kununua kitu, uone bei zinavyopanda na kushuka. Shule za watoto nawaachia wazazi wa humu, mimi sina mtoto.